Waya Nao ni Mpagazi

Kila nipitapo Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, huwakumbuka wapagazi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe, watu wakatua mizigo yao wakalala. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Si uzito wa kutisha. Hata mimi naweza kuunyanyua na kuuvusha barabara. Lakini kuubeba tangu alfajiri hadi jua la utosi ni habari nyingine kabisa.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya gari. Ndugu yangu mmoja hapa Tabora amenunua gari lililotumika kutoka Japani, la aina ile inayotumia petroli na umeme pamoja, na ambalo usiku huchomekwa kwenye soketi kama simu. Tusichanganye mambo. Magari mengi ya mseto tunayoyaona mitaani, kama Toyota Aqua, hayachomekwi popote. Hujichaji yenyewe yakiwa safarini. Ninayoyasema leo ni yale yenye tundu la kuchomekea waya, kama Mitsubishi Outlander PHEV, iliyoanza kuuzwa mwaka 2013 ikiwa na betri ya uniti 12 za umeme.

Siku ya kwanza ndugu yangu alipochomeka gari lake, kisanduku kilichopo kwenye waya wa kuchajia kikawasha taa nyekundu, na gari likakataa chaji. Akaitwa fundi wa mtaani. Fundi hakumaliza hata dakika kumi. Alifungua plagi, akaunganisha ethi na nyutro kwa kipande kidogo cha waya, taa ikawa ya kijani, akalipwa, akaenda zake. Niliposimuliwa habari hiyo kwa furaha, mwili ulinisisimka.

Nitaeleza kwa nini. Umeme huingia kwa waya wa moto na kurudi kwa nyutro. Ethi haina kazi siku za kawaida. Ipo kwa ajili ya siku ya balaa tu. Kisanduku kile hupima kwanza kama ethi ipo, kisha ndipo huruhusu umeme upite. Sasa, ardhi yetu ya Tabora hukauka sana wakati wa kiangazi, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fimbo ya ethi iliyofukiwa kijuujuu miaka mingi iliyopita huwa kama pambo tu. Fundi yule hakuitengeneza ethi. Alimziba mlinzi mdomo. Ikitokea nyutro imekatika mahali popote kati ya soketi ile na nguzo, umeme uliokosa njia ya kurudi utapita kwenye kile kipande cha waya na kuingia katika bodi ya gari. Gari limekaa juu ya matairi ya mpira, halitaonyesha dalili yoyote. Litangoja tu mtu aliye peku aje kushika mlango. Na katika nyumba zetu, asubuhi, anayelikimbilia gari wa kwanza ni nani kama si mtoto?

Jambo la pili ni huo mzigo. Birika la umeme huvuta wati 2,000 au zaidi, lakini kwa dakika chache tu. Gari likivuta ampea 10 kwa volti 230, hizo ni wati 2,300, na huzivuta kwa saa 5 au 6 mfululizo. Soketi iliyolegea hupata joto, joto nalo huilegeza zaidi, mpaka plastiki inayeyuka watu wakiwa usingizini. Ekstensheni ndiyo mbaya zaidi, hasa ikiwa imezungushwa kwenye gurudumu lake, kwa kuwa joto halina pa kutokea.

La tatu ni volti. Umeme wa kawaida wa nyumba za Japani ni volti 100, na 200 kwa vyombo vizito. Wetu ni 230. Soma maandishi ya kisandukuni kabla ya kuchomeka. Adapta ya dukani hubadilisha umbo la pini tu. Volti ni zile zile.

Basi tufanyeje? Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Aipime ethi kwa kifaa, si kwa macho. Avute laini ya pekee ya gari kutoka mein swichi, yenye sakiti breka yake, pamoja na kile kifaa kinachokata umeme unapovuja miliampea 30. Soketi iwe mpya, imara, mahali pasipofikiwa na mvua. Siku za mwanzo, igusie plagi mkono baada ya saa moja: ikiwa vuguvugu si neno, ikiwa ya moto zima swichi, kisha umrudie fundi. Na mawingu ya radi yanapoanza kujikusanya, chomoa mapema.

Ndugu yangu amekubali. Kile kipande cha waya kimetolewa, na fimbo mpya ya ethi imezamishwa ardhini mpaka penye unyevu. Kwa muda wa siku zile alitembelea petroli, na hakuna safari iliyokwama. Hiyo ndiyo faida ya gari la namna hii: tangi lipo, kwa hiyo hakuna sababu ya kuharakisha umeme.

Mpagazi aliyelemewa aliweza kusema. Waya hauna mdomo. Ile taa nyekundu ndiyo sauti yake. Tuisikilize.