Mgahawa Ukiungua, Bima Inalipa Nini?

Wenye migahawa wengi wanaonijia na hati ya bima waliikata kwa sababu benki iliitaka kabla ya kutoa mkopo. Walitia sahihi, ada ikalipwa, hati ikaingia kwenye droo. Kiasi kilichoandikwa humo mara nyingi ni kiasi cha mkopo, wala si thamani ya vitu vilivyomo jikoni na ukumbini.

Tuchukue mgahawa wa Sinza wenye majiko, friza, meza, vyombo na akiba ya chakula, vyote vya shilingi milioni 60. Mkopo ulikuwa milioni 20, na bima ikakatwa kwa milioni 20. Mafuta ya chipsi yanashika moto na vitu vya milioni 15 vinateketea. Mwenye mali anaona hasara haijafika milioni 20, basi atalipwa yote. Halipwi yote. Bima za moto kwa kawaida zina sharti la wastani: ukikatia bima theluthi ya mali yako, unahesabiwa umeamua kuzibeba mwenyewe theluthi mbili, na kampuni italipa theluthi tu ya kila hasara. Hapa ni milioni 5, kabla ya kutoa kile kiasi cha mwanzo ambacho mkataba humwachia mteja. Hati ikiitaja benki kuwa ya kwanza kulipwa, hata hizo zinaweza kuishia huko. Sijui sharti linaloumiza watu waaminifu kuliko hili.

Kwa hiyo pita jikoni na daftari, uandike kitu kimoja kimoja kwa bei ya leo ya Kariakoo, maana friza uliyonunua miaka mitano iliyopita haipatikani tena kwa bei ile. Muulize wakala: nikilipwa, nitalipwa bei ya kitu kipya au bei iliyopunguzwa kwa uchakavu? Risiti na picha zihifadhi nje ya mgahawa.

Jambo la pili ni ulichoiambia kampuni. Fomu inasema "mgahawa", kumbe nyuma pana banda la makuti, jiko la mkaa la nyama choma na mitungi mitatu ya gesi. Hayo yote yanabadilisha hatari, na kuyaficha au kuyasahau kunaweza kuyaangusha madai yako. Ukiongeza banda katikati ya mwaka, iandikie kampuni wiki hiyohiyo. Kama mkataba unataka vizimamoto vikaguliwe, weka kumbukumbu za ukaguzi.

Bima ya mwenye nyumba hulinda jengo lake. Meza zako hazimo. Moto ukitokana na uzembe jikoni kwako, kampuni yake ikishamlipa inaweza kukugeukia wewe. Mteja akiteleza sakafuni au akaugua kwa chakula chako, hiyo ni bima ya dhima kwa umma, na uhakikishe sumu ya chakula imetajwa humo. Mpishi akiungua kazini, fidia yake inatoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambao mwajiri ndiye anayeuchangia, bila kumkata mfanyakazi. Friza ikiungua kwa umeme uliopanda ghafla, bima ya moto ya kawaida hailipi friza yenyewe. Hulipa pale moto unapotoka humo na kuenea.

Kinachosahaulika zaidi ni mauzo. Jiko linaweza kufungwa miezi mitatu huku kodi na mishahara vikiendelea. Ipo bima ya kupotea kwa mapato, na kwa kawaida hufuata bima ya mali: hasara ya mali isipokubaliwa, na hii hailipi. Malipo yake hupimwa kwa hesabu zako. Anayeuza bila kutoa risiti ya EFD atakuwa na kazi ngumu sana kuthibitisha kwamba alikuwa anauza milioni 2 kwa siku, hata kama ni kweli.

Siku ya ajali, toa taarifa mara moja, na usitupe mabaki hadi mkadiriaji wa hasara ayaone. Kampuni ikikataa, idai sababu kwa maandishi. Msipoafikiana, peleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO) kabla ya kufikiria mahakama, na uende na hati yenyewe, orodha yako ya vitu na barua zote mlizoandikiana.