Likeni ya Milimani: Dawa ya Asili Inayohitaji Tahadhari

Katika misitu yenye ukungu ya Kilimanjaro, Meru na Usambara, kwenye matawi ya miti mikongwe huning'inia nyuzi za rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani, mfano wa ndevu za mzee. Hiyo ni likeni ambayo wataalamu huiita Usnea. Likeni si mmea mmoja, bali ni ushirika wa kuvu na mwani: kuvu hujenga umbo na kuhifadhi unyevu, na mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Haina mizizi, wala hainyonyi utomvu wa mti unaoibeba.

Tangu kale, waganga wa Ulaya na Uchina wameitumia kutibu kikohozi na vidonda. Nguvu yake hutokana na asidi ya usniki, ambayo katika maabara huzuia ukuaji wa baadhi ya bakteria, wakiwemo wale wa kifua kikuu. Hata hivyo, linalotokea maabara si lazima litokee mwilini. Likeni hii si tiba iliyoidhinishwa ya kifua kikuu, na mgonjwa anayeitegemea peke yake huchelewa kutibiwa na huweza kuwaambukiza walio nyumbani mwake.

Aidha, asidi hiyo inapomezwa yaweza kudhuru ini. Mwaka 2001, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wananchi waache vidonge vya kupunguza uzito vyenye kemikali hiyo, baada ya watumiaji kadhaa kupata madhara makubwa ya ini. Macho kuwa ya manjano na mkojo kuwa na rangi ya chai ni dalili za kuacha dawa na kwenda kituo cha afya mara moja.

Kwa kuwa likeni hufyonza vilivyomo hewani, iliyochumwa kando ya barabara yaweza kubeba madini yenye sumu. Pia hukua polepole mno, na kuvuna mazao ya msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mganga awe amesajiliwa. Mkazi ana haki ya kuomba kuona cheti chake. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi afike katika zahanati iliyo karibu. Uchunguzi na matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya umma hutolewa bila malipo, na mgonjwa amweleze mhudumu kila dawa ya asili anayotumia.