Kinyaa cha Chakula: Hutoka Tumboni au Hutoka Nyumbani?

Mwezi huu twataka kunena habari ya jambo lionekanalo dogo, lakini lenye kuleta maneno makubwa katika nyumba za mjini, yaani kinyaa cha chakula. Wahenga walisema, Kipendacho roho hula nyama mbichi. Ni kweli. Lakini roho yenyewe hufundishwa na nani kupenda hiki na kukitapika kile?

Mji wa Dar es Salaam wafaa sana kwa somo hili, maana makabila mengi yamekutana hapa. Mtu akishuka Posta, akaenda kwa miguu hata soko la samaki la Feri, ataona pweza na ngisi, kaa na kamba, na watu wakishindana bei. Jioni supu ya pweza huuzwa kando ya njia, na watu wa pwani huinywa kwa furaha. Lakini mgeni aliyefika juzi kutoka bara humtazama pweza na mikono yake minane, akageuza uso.

Basi na aendelee hata Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa kambi ya Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza, baada ya mji kutwaliwa mwaka 1916. Huko atakuta dagaa wa Kigoma, ng'onda, papa wa chumvi, mlenda, na kwa majira yake senene wa Bukoba waliokaangwa. Hapo sasa yule wa pwani ndiye acheka. "Ati watu wala panzi!" Naye Mhaya hustaajabu: mtu amla pweza, kisha amkataa senene, mdudu alaye majani tu? Na mlenda, ambao kwa Mgogo ni kitoweo cha kila siku, wengine husema wateleza kama makamasi, wakaweka kijiko chini.

Tukitoka mjini twaona hayo hayo. Wamasai wa kale hawakula samaki, bali damu ya ng'ombe pamoja na maziwa waliinywa. Wakikuyu wa Kenya nao hawakula samaki, hali jirani zao Wajaluo wa ziwani wamelelewa kwa samaki. Upande wa Mtwara wako walao panya wa shambani, nao humwita kwa jina la adabu, samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani. Jina zuri husaidia kumeza. Wala tusidhani kwamba Wazungu wamepona na jambo hili. Wafaransa hula konokono, na jibini ya Roquefort iliyoota ukungu hula kwa kuisifu. Lakini mwekee mmoja wao sahani ya kumbikumbi, utaona uso wake.

Mwingereza Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1872 juu ya dalili za moyo zionekanazo usoni, alieleza habari iliyompata Tierra del Fuego, kusini kabisa mwa Amerika. Alikuwa akila nyama baridi iliyohifadhiwa. Mwenyeji mmoja akaigusa kwa kidole, akachukizwa waziwazi na ulaini wake. Na Darwin mwenyewe akachukizwa kwa kuwa chakula chake kimeguswa na mtu aliye uchi, ingawa mikono ya mtu yule haikuonekana kuwa michafu. Tazameni: nyama ni moja, watu ni wawili, na vinyaa ni viwili. Kama kinyaa kingekuwa ndani ya nyama, wote wawili wangalichukizwa na jambo moja.

Katika miaka ya 1980 mtaalamu Mmarekani Paul Rozin na wenzake walilipima jambo hili. Waliona kwamba watoto wadogo sana hutia kinywani vitu vingi ambavyo mtu mzima hawezi hata kuvitazama. Tena waliwapa watu wazima maji ya matunda, wakachovya ndani yake mende mfu aliyekwisha kusafishwa hata hana kijidudu cha ugonjwa. Watu walijua kuwa hakuna madhara, na hata hivyo hawakutaka kunywa. Basi kinyaa hakikai ulimini, hukaa katika mawazo. Mtoto hakuzaliwa nacho kwa chakula hiki au kile. Alikisoma usoni pa mama yake na katika vicheko vya wakubwa. Samaki mkunje angali mbichi.

Hata hivyo yatupasa kupambanua mambo matatu, maana watu huyachanganya: kuna kinyaa, kuna madhara, na kuna sharia ya dini. Jirani yetu Mwislamu asipokula nguruwe, hilo si kinyaa tu, bali ni kumtii Mungu kama alivyofundishwa. Mambo haya si ya kuchezewa. Mwezi wa Aprili 1993 maduka ya nyama ya nguruwe yalivunjwa papa hapa Dar es Salaam, na mji mzima ukaingiwa na hofu. Sisi Wakristo twasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 10, jinsi Petro alivyoonyeshwa huko Yafa nguo kubwa yenye wanyama wa kila namna; na neno alilojifunza halikuwa la nyama tu, bali la watu, asimwite mtu ye yote najisi. Naye Paulo aliwaonya Warumi, katika sura ya 14, wasimhuzunishe ndugu kwa ajili ya chakula. Ruhusa ya kula si ruhusa ya kumwudhi jirani ambaye twatumia naye ua mmoja na kisima kimoja.

Tena kuna miiko iliyokuwa na hila ndani yake. Kwa Wahaya wa kale wanawake walikamata senene na kuwaandaa, lakini waliokula ni wanaume. Katika Buganda wanawake walikatazwa kuku na mayai. Mwanamke akafundishwa kuona kinyaa kwa kile kitamu alichokipika kwa mikono yake, na aliyeshiba ni mwingine. Siku hizi wanawake wengi wamekwisha kuiacha miiko hiyo, nasi twasema ni vema. Lakini ikiwa katika nyumba yako mama mjamzito angali akinyimwa mayai kwa neno la wazee, umwulize mganga wa hospitali.

Na ninyi walimu, angalieni mtoto achekwaye kwa chakula cha kwao. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliandika mwaka 2013 kwamba watu wapatao milioni 2,000 hula wadudu, na aina za wadudu hao zapita 1,900. Mtoto aletaye senene shuleni hakuleta aibu. Ameleta chakula chenye kujenga mwili.

Je, tukifute kinyaa chote? La. Kinyaa ni mlinzi aliyewekwa mlangoni pa kinywa, ila afundishwe adui wa kweli. Kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015, hakikuletwa na senene wala pweza. Huletwa na uchafu wa choo ufikao katika maji na chakula. Basi mtoto na aone kinyaa kwa mikono isiyonawiwa, kwa nzi juu ya sahani, na kwa maji yasiyochemshwa.

Wala hatumlazimishi mtu kula asichokiweza. Ukiandaliwa ugenini chakula kigeni, usiseme "uchafu," wala usizibe pua. Sema, "Ahsante, sijakizoea." Neno hilo ni la kweli, na mwenyeji wako hataona haya mbele ya watoto wake.