Macho, Leza na Mlima (2): Kabla Hujaiacha Miwani Nyumbani

Wiki iliyopita tulieleza jinsi leza inavyochonga konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Leo tujibu swali la msomaji wa Moshi ambaye kila likizo huwa mlimani: "Miwani imenichosha. Nifanyiwe au nisifanyiwe?"

Namwelewa. Safari ya kilele cha Kilimanjaro huanza karibu saa sita usiku. Ukijifunika pua kwa skafu, pumzi hupanda na kutanda kwenye vioo. Ukivifuta kwa glavu, hubaki michirizi, na taa ya mwenzio aliye mbele inakuwa doa la ukungu. Anayevaa lenzi za jichoni naye ana yake: vumbi, vidole visivyonawika, na lenzi zilizoganda ndani ya kikopo chake.

Wanaoiogopa leza hupenda kutaja kisa cha Beck Weathers, daktari wa Marekani. Tarehe 10 Mei 1996, akipanda Everest, macho yalimsaliti. Zamani alikuwa amefanyiwa upasuaji ambao konea huchanjwa kwa kisu mistari kama njiti za gurudumu la baiskeli. Kiongozi wake, Rob Hall, akamwambia asubiri, lakini hakurudi, na dhoruba ikawakuta wote mlimani. Weathers aliokoka, ila baridi ilimpokonya mkono wa kulia, vidole vya kushoto na pua.

Sababu ya macho yake kumsaliti ni hii. Konea haina mishipa ya damu. Oksijeni yake huipata zaidi kutoka hewani. Hewa ikiwa nyepesi, konea huvimba kidogo. Isiyo na makovu huvimba sawasawa, umbo likabaki lilelile. Iliyochanjwa huvimba zaidi penye makovu, ikapinda, na uoni ukaharibika. Miaka ya 1990 watafiti walilipima jambo hili kwenye mlima Pikes Peak, Colorado, wenye takriban mita 4,300. Macho yaliyochanjwa kwa kisu yalibadilika. Yaliyofanyiwa leza kwa njia ya PRK yalitulia. Basi kosa la kisu lisibebeshwe leza.

Hata hivyo, leza si moja. Katika LASIK, tabaka jembamba la konea hukatwa na kufunuliwa kama ukurasa, leza ikapita chini yake, kisha likarudishwa. Kesho yake wengi wanaona vizuri. Ila tabaka hilo haliungi kwa uimara wa awali: pigo la tawi au kidole laweza kulisogeza hata baada ya miaka. Katika PRK hakuna ukurasa. Ngozi ya juu ya konea huondolewa, nayo huota upya. Utapata maumivu siku kadhaa, na uoni hutulia taratibu kwa wiki, pengine miezi. Kwa anayekwea miamba kwa kamba, au anayeteremka porini kwa baiskeli, naona subira ya PRK ina thamani yake.

Mlima una madai mengine pia. Baada ya upasuaji macho huweza kukauka kwa miezi, na upepo wa juu hauna huruma. Wengine huona duara za mwanga kuzunguka taa usiku, na safari ya kilele ni msafara wa taa za kichwani. Tena mionzi ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, na huweza kuitia ukungu konea iliyotoka kufanyiwa PRK. Miwani ya jua iliyozibwa pembeni haiachwi, leza au si leza.

Muulize daktari: namba ya miwani yangu imetulia kwa mwaka mzima? Konea ina unene wa kutosha? Macho yangu ni makavu? Na kama umekaribia miaka 40, jua kwamba miwani ya kusomea ramani itakuja tu.

Msomaji wetu tayari amelipia safari ya Septemba. Ushauri wangu: akapimwe sasa, apande na miwani yake, ya akiba ikiwa mfukoni, na afanyiwe akishashuka. Kidonda cha jicho kinataka kupona kwa muda wake, na tarehe ya safari haiwezi kukiharakisha.

Wiki ijayo: upofu wa theluji na namna ya kuuepuka.