Kodi Ilipunguzwa Kansas, na Akiba Ikaisha

Kansas ni jimbo lililo katikati ya Marekani, nchi tambarare ya ngano, ng'ombe na viwanda vya ndege. Watu wengi wa Afrika ya Mashariki walisikia jina lake kwa sababu mama yake Bw. Barack Obama alizaliwa huko, katika mji wa Wichita. Lakini kwa wale ambao kazi yao ni kuangalia fedha za serikali, Kansas inajulikana kwa jambo jingine, nalo ni kodi iliyopunguzwa mwaka wa 2012 na mambo yaliyofuata.

Yafaa kueleza kwanza desturi ya huko. Mmarekani hulipa kodi ya mapato kwa Serikali Kuu iliyoko Washington, na katika majimbo mengi hulipa nyingine kwa serikali ya jimbo lake. Hii ya pili husaidia kulipa walimu, kuendesha hospitali za serikali na kazi nyingine zilizo karibu na raia. Tena serikali ya jimbo haina ruhusa ya kuchapa noti, wala haiwezi kuishi kwa madeni mwaka hata mwaka kama Serikali Kuu ifanyavyo. Mapato yakipungua, njia ni tatu: kupunguza matumizi, kuongeza kodi ya namna nyingine, au kufungua akiba.

Tangu mwaka wa 1990 sheria ya Kansas ilitaka kwamba kila mwaka wa fedha ukiisha, hazina ibaki na fedha zisizopungua 7.5 kwa mia ya matumizi. Sheria hiyo ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na tundu. Baraza la Kutunga Sheria lililoiweka liliweza pia kuiweka kando kwa mwaka mmoja, nalo lilifanya hivyo mara nyingi. Mfuko maalumu wa akiba, uliofungwa kwa sheria yake wenyewe, haukuwako.

Ahadi ya Gavana

Mnamo Mei 2012 Gavana Sam Brownback alitia sahihi sheria mpya. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilishushwa kutoka 6.45 kwa mia hadi 4.9 kwa mia. Zaidi ya hayo, faida za wenye biashara ndogo ndogo na za wakulima, ambazo huhesabiwa kama mapato ya mtu binafsi, zilisamehewa kodi ya jimbo kabisa. Gavana alitumaini kwamba fedha zitakazobaki mifukoni mwa watu zitafungua kazi mpya, na kwamba kazi hizo zitarudisha kodi hazinani kwa mlango mwingine.

Tumaini hilo halikuwa la kipumbavu, kwani mtu akiachiwa fedha zake kweli hununua na hujenga. Kosa lilikuwa katika hesabu. Walioingia katika msamaha walizidi 300,000, wengi kuliko walivyodhaniwa, na kazi mpya hazikuja kwa wingi ulioahidiwa. Katika mwaka wa fedha wa 2014 kodi ya mapato ya watu binafsi ilipungua kwa dola milioni 700 hivi. Ni haki kusema kwamba si zote zilipotea kwa sababu ya sheria hiyo, maana matajiri wengi waliuza mali zao kabla ya mwisho wa 2012 ili waikimbie kodi mpya ya Serikali Kuu, na jambo hilo liliujaza mwaka uliotangulia kupita kiasi.

Basi akiba ikafunguliwa. Mwezi wa Juni 2013 hazina ilikuwa na dola milioni 709. Mwaka mmoja baadaye zilibaki milioni 380 hivi, na Juni 2015 zilikuwa kama milioni 71 tu, kwa serikali itumiayo zaidi ya dola bilioni 6 kwa mwaka. Mkulima yeyote aliyepata kuchungulia ghala lake mwezi mmoja kabla ya mavuno aijua hofu ya namna hiyo.

Ghala Lilipokwisha

Fedha za mfuko wa barabara zilihamishwa ili kuziba pengo. Malipo ya karibu dola milioni 100 yaliyokuwa yaende katika mfuko wa pensheni za watumishi wa serikali yaliahirishwa mwaka wa 2016. Mwaka wa 2014 makampuni yapimayo uaminifu wa wakopaji, Moody's na Standard & Poor's, yaliishusha Kansas daraja. Mwaka wa 2015 wilaya kadhaa zilifunga shule kabla ya siku iliyopangwa kwa upungufu wa fedha. Mwaka huo huo kodi ya mauzo ilipandishwa kutoka 6.15 hadi 6.5 kwa mia, na chakula hakikusamehewa, hata mama mjane aliyenunua mkate alichangia kuliziba pengo lililoachwa na msamaha wa wenye biashara.

Usiku wa tarehe 6 Juni 2017 Baraza lilirudisha sehemu kubwa ya kodi. Gavana aliikataa sheria hiyo, lakini wajumbe waliipitisha juu ya kukataa kwake, kura 88 kwa 31 katika Baraza la Wawakilishi na 27 kwa 13 katika Seneti, ambako 27 ndiyo hesabu hasa iliyotakiwa. Wengi miongoni mwao walikuwa wa chama chake mwenyewe.

Baadaye mfuko maalumu wa akiba, ulioanzishwa kwa sheria ya 2016, ulianza kujazwa, na kufikia 2024 ulikuwa umepita dola bilioni 1.5. Ndipo Gavana Laura Kelly alipotia sahihi, mwezi wa Juni 2024, sheria ya kupunguza kodi ya mapato hadi 5.58 kwa mia kwa kiwango cha juu. Kodi ya jimbo juu ya chakula, iliyokuwa ikipunguzwa kidogo kidogo, iliondolewa kabisa tarehe 1 Januari 2025. Mwaka huo huo Baraza lilipitisha, ingawa Gavana alikataa, sheria ya kuishusha kodi ya mapato hatua kwa hatua hadi 4 kwa mia. Lakini kila hatua itangoja mapato yazidi kiwango kilichowekwa, na hali ya mfuko wa akiba itatazamwa pia.