Uvimbe Ukizidi, Usitupe Dawa za TB

Tuseme unaishi Kangemi. Umepatikana na kifua kikuu cha tezi za shingo, ukaanza dawa katika kituo cha afya. Mwezi wa kwanza homa ilitoweka, jasho la usiku likakatika na ukaanza kunenepa. Lakini wiki ya sita homa inarudi, na tezi zinavimba kuliko awali. Majirani wanakuambia dawa zimekushinda. Je, uziache?

La, usiziache. Mara nyingi hali hii haimaanishi kwamba dawa hazifanyi kazi. Ugonjwa huu hudhoofisha kinga ya mwili. Dawa zinapoua viini, kinga hupata nguvu upya na kuyashambulia mabaki yake kwa kishindo. Vita hivyo ndivyo vinavyoleta joto, uvimbe na hata usaha, ingawa viini vyenyewe vinazidi kufa.

Hali hii huwapata zaidi wenye TB ya tezi, na pia wenye virusi vya Ukimwi ambao wameanza kumeza ARV majuma machache yaliyopita, kwa kuwa dawa hizo huamsha kinga. Aghalabu hutokea katika miezi mitatu ya kwanza.

Hata hivyo, usijiamulie mwenyewe. Rudi kliniki upesi, kwani dalili kama hizo zaweza kuletwa na TB sugu, kuruka dozi au maradhi mengine. Daktari atakuuliza jinsi unavyomeza dawa, na huenda akapima makohozi au usaha. Akiridhika, utaendelea na dawa zile zile. Usaha ukijaa, hutolewa kwa sindano. Uvimbe ukiwa mkali, anaweza kukupa prednisoloni. Usijinunulie dawa hiyo dukani, kwa sababu hupunguza kinga.

Macho yakigeuka manjano, ukishindwa kupumua, ukiumwa sana na kichwa au ukichanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Zamani tiba ya TB ilichukua mwaka mmoja na nusu. Majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki miaka ya 1970 yalisaidia kuonyesha kuwa miezi 6 yatosha: dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Katika vituo vya serikali hutolewa bure. Anayeziacha njiani huwapa viini nafasi ya kuwa sugu, na TB sugu ni ngumu zaidi kutibu. Uvimbe wa shingo, kwa kawaida, hupungua polepole.