Swissair ilikufa, wabeba mizigo wakabaki

Katika mialo ya Mwanza, mtumbwi ukirudi bila sangara, muuza barafu huwa amekwisha kulipwa. SAirGroup, kampuni mama ya shirika la ndege la Uswisi, Swissair, nayo iliuza barafu yake: Atraxis ilishughulikia kompyuta, SR Technics ilitengeneza ndege, Swissport ilihudumia abiria na mizigo. Mwaka 2000 Swissport ilinunua asilimia 51 ya DAHACO ya Dar es Salaam. Kilichoiponza kampuni mama ni kununua hisa za mashirika mengine ya ndege yenye hasara, kama Sabena ya Ubelgiji. Oktoba 2001 ndege za Swissair zilikwama kwa ukata. Swissport ikapata mnunuzi mwaka 2002; mwaka uliofuata, wananchi wakauziwa asilimia 49 ya DAHACO.